Somo: Umri umesonga, pamba za kitaa zibaki?

Somo hili ni la mtu aliyekulia ndani ya hudi, raba, kapelo na suruali pana, na sasa kila akisimama mbele ya kioo anajiuliza kama bado anaruhusiwa. Wengi wakifika hapo hufanya moja kati ya mawili: wanagawa kila kitu na kununua mashati ya ofisini wasiyoyapenda, au wanang'ang'ania kuvaa vilevile walivyovaa wakiwa na miaka 19 mpaka watoto wao wanaona haya kutembea nao. Hakuna sababu ya kufika kote huko. Mtu mzima anaonekana amevaa nguo za mdogo wake kwa sababu ya kipimo, hali ya nguo, na wingi wa vitu vinavyopiga kelele kwa pamoja. Aina ya nguo mara nyingi haina kosa.

Na kabla hatujaanza, kumbukeni nguo hizi zilianzia kwa nani. Suruali ya jinzi yenye riveti za shaba ilipata hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu, Marekani mwaka 1873 na wateja wake walikuwa vibarua. Kampuni ya nguo ya Carhartt ilianza Detroit, Marekani, mwaka 1889 ikiwashonea wafanyakazi wa reli. Jaketi la MA-1, lile fupi la zipu linalobana kiunoni, lilikuwa la marubani wa Jeshi la Anga la Marekani miaka ya 1950. Buti la njano la Timberland, la mwaka 1973, lilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kazi wasiotaka miguu iloe. Vijana wa mijini walizichukua kwa watu wazima, wakazivaa pana, wakaongeza cheni na maandishi. Kwa hiyo ukiendelea kuzivaa ukubwani unazirudisha kwa wenyewe, ili mradi uzirudishe na sifa zake za mwanzo: kitambaa kizito, mshono imara, rangi iliyotulia.

Hatua ya 1: Anza kabatini, dukani baadaye

Toa kila kitu, kitandaze, kikague kwenye mwanga wa mchana. Angalia shingo ya fulana kama imelegea, chapa kama imepasuka, kwapa kama limebadilika rangi, hudi kama imeota vijidonge vya nyuzi. Fulana iliyochoka kwa kijana wa miaka 18 watu huiona kama mtindo. Fulana hiyohiyo kwa mtu wa miaka 38 wanaanza kuuliza kama mambo yake yako sawa. Si haki, lakini ndivyo macho yanavyosoma. Zilizochoka zifanye za kulalia au za kuoshea gari. Zenye kumbukumbu, ile fulana ya tamasha la zamani kwa mfano, ziweke pembeni. Hakuna aliyekwambia uzichome.

Hatua ya 2: Kipimo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo msiruke.

Nguo iliyobuniwa iwe pana si sawa na nguo iliyokuzidi saizi mbili. Iliyobuniwa pana huongezwa upana wa kifua na mkono, lakini shingo hukaa mahali pake na urefu haushuki sana. Iliyokuzidi saizi inapwaya kila mahali: shingo inaning'inia, mkono unafika kwenye kiwiko, pindo linakaribia magoti. Ukipenda upana, tafuta ile ya kwanza. Kipimo chepesi cha fulana ni zipu ya suruali: pindo likiishia katikati yake, uko salama.

Kwa jaketi na shati, tazama mshono wa bega. Ukae pale mfupa wa bega unapoishia, au ushuke kidogo kama ndivyo lilivyoshonwa. Bega ndilo kitu cha kwanza kukagua dukani kwa sababu ndilo gumu kurekebisha. Fundi cherehani hana shida kukata pindo, kubana kiuno au kupunguza mguu wa suruali kuanzia gotini kwenda chini. Bega ni kulifumua koti, na mafundi wengi hulikimbia.

Suruali: mlegezo uache. Hapo sina mjadala. Upana uendelee kama unaupenda, lakini kiuno kikae juu ya mfupa wa nyonga, na pindo liguse kiatu kwa kujikunja mara moja tu. Yale mawimbi ya kitambaa yanayorundikana juu ya raba ndiyo yanayofupisha mguu na kumfanya mtu aonekane ameazima. Ukipeleka kukata, fua suruali kwanza, maana pamba hurudi, na nenda na kiatu utakachoivalia. Kwa jinzi mwombe fundi akurudishie pindo la asili, lile lililotoka nalo kiwandani. Anayeijua kazi anaelewa.

Uzito wa kitambaa nao usaidie. Fulana nyepesi za kawaida huwa na gramu 140 hadi 160 kwa kila mita ya mraba. Nzito zinaanzia kama gramu 200. Nzito hainatani na tumbo, haionyeshi kilichomo ndani, na shingo yake inachelewa kulegea. Kama duka haliandiki uzito, inyanyue kwenye mwanga uone kiganja chako kinavyoonekana upande wa pili.

Hatua ya 3: Kiache kimoja kiongee

Shawn Stussy, mwenye chapa ya nguo ya Stüssy, alianza kwa kuandika jina lake kwenye mbao za kuteleza mawimbini huko Laguna Beach, California, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaliweka kwenye fulana. Maandishi yale yalikuwa saini. Saini moja kwenye barua inatosha; ukizipanga kumi, msomaji anaanza kukushuku. Kama raba zina rangi kali, juu kuwe na utulivu. Kama jaketi lina mchoro mgongoni, fulana iwe tupu. Jeusi, kijivu, buluu nzito, kijani cha jeshi na rangi ya mchanga vinachanganyika bila kukuumiza kichwa, na ndizo rangi ambazo nguo hizi zilikuwa nazo tangu kazini.

Hatua ya 4: Raba

Zibaki. Ila ziwe safi. Zisugue kwa brashi laini na maji ya sabuni, toa kamba uzifue peke yake, kausha kivulini kwa sababu jua kali huharakisha soli nyeupe kuwa njano. Uwe na jozi moja ya ngozi, ya rangi moja, yenye soli nyembamba. Hiyo utaivaa hata na kadeti na koti, na watu hawataangalia chini.

Hatua ya 5: Kofia na cheni

Oktoba 2005 NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, iliwatangazia wachezaji wake kanuni ya mavazi: wakiwa kwenye shughuli za timu au za ligi, cheni isionekane juu ya nguo, kofia isivaliwe ndani, fulana zisizo na mikono marufuku. Wengi walinuna, na lawama kwamba kanuni ile iliwalenga vijana weusi na utamaduni wao zilikuwa na uzito wake. Lakini tazama kilichofuata: wachezaji walewale waliugeuza ule mlango wa kuingilia uwanjani kuwa jukwaa la mavazi, na hawakuanza kufanana na wahasibu. Mimi ninachochukua pale ni kidogo tu. Kapelo ivuliwe unapoingia ndani kwa watu, na cheni moja nyembamba ndani ya kola inatosha.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, ofisini kwetu hakuna sare ila bosi ni mtu wa suti. Nianzie wapi nisionekane nimekuja kuchukua oda?

Jibu: Usimwangalie bosi, mwangalie aliye ngazi moja juu yako. Anza na kadeti nyeusi au ya buluu nzito, sweta la shingo ya duara lisilo na maandishi, na zile raba za ngozi. Hudi tupu ivae ndani ya koti refu njiani, ukifika itundike. Siku ya kikao na wageni vaa shati.

Swali: Mimi ni dada, miaka 33. Napenda suruali za mifuko ya pembeni na hudi pana. Naambiwa nivae kama mwanamke, na mimi mwenyewe naona kama napotea ndani ya nguo.

Jibu: Dada, hayo ni mambo mawili. La kwanza ni la wanaosema, waachie. La pili tunaliweza. Upana ukiwa juu na chini kwa pamoja, mwili unakosa alama ya kiuno. Suruali ikiwa pana, juu vaa fulana inayokaa mwilini au ichomekee. Hudi ikiwa pana, suruali inyooke. Na ukinunua upande wa wanaume, chagua saizi kwa bega, kisha fundi apunguze mikono. Saizi unayoichagua kwa kifua ndiyo inayokumeza.

Swali: Mwili umeongezeka, kaka. Nguo pana si ndizo zinanificha?

Jibu: Zinaongeza. Kitambaa huning'inia kuanzia pale palipotokeza zaidi, kwa hiyo tumbo ndilo linaloamua upana wako wote hadi chini. Vaa fulana nzito yenye kipimo chako halisi, juu yake jaketi usilolifunga. Ile mistari miwili ya jaketi inayoshuka ndiyo inayokufanyia kazi.

Swali: Nina raba nimezitunza kwenye maboksi kwa miaka, sijazivaa kabisa. Nimetoa jozi moja, nimetembea kidogo, soli imemeguka kama keki. Nimeuziwa feki?

Jibu: Pole, si lazima iwe feki. Soli nyingi za kati, ile sehemu laini juu ya soli ya chini, hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki, na unyevu wa hewa huivunjavunja polepole hata kama kiatu hakijagusa ardhi. Zinazovaliwa mara kwa mara mara nyingi hudumu kuliko zinazofungiwa. Zilizobaki zibonyeze soli kwa kidole. Ikiacha alama au unga, isitoke nje, mpelekee fundi wa kubadili soli. Zilizo nzima anza kuzivaa kwa zamu.

Swali: Shemeji yangu anasema mtu wa miaka 40 na hudi ni aibu. Nimjibu nini?

Jibu: Mwambie mbunifu Virgil Abloh, sasa marehemu, alikabidhiwa mavazi ya wanaume ya Louis Vuitton, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, mwaka 2018 akiwa na miaka 37, na mwanamuziki Pharrell Williams aliyemrithi mwaka 2023 alikuwa na miaka 49. Wote wawili walijulikana kama watu wa hudi. Halafu uhakikishe yako haina vijidonge, maana hapo shemeji atakuwa na hoja.

Swali: Traksuti kamili, juu na chini, mtu mzima anaruhusiwa au ni ya mazoezini tu?

Jibu: Anaruhusiwa, kwa masharti. Juu na chini vitoke seti moja, usichanganye nyeusi mbili zilizopauka tofauti. Isiwe ile ya kitambaa kinachong'aa. Ndani weka fulana nyeupe nzito. Na kama ndiyo unayokimbilia asubuhi, nunua nyingine ya kutokea, kwa sababu jasho la kwenye kola halifichiki.