Ndugu, Uraia na Kodi: Maneno ya Kiingereza Yanayotukwamisha Kwenye Fomu

Mzanzibari anaweza kuwa anakizungumza Kiingereza vizuri tangu skuli, na bado akakwama Uingereza mbele ya fomu ya viza au ya nyumba. Shida si sarufi. Ni maneno yanayokaribiana maana, ambayo sisi tunayatia yote chini ya jina moja na wenyeji wa kule wanayatenganisha.

Anza na ndugu, maana hapo ndipo penye hatari kubwa. Kwetu mtoto wa ami, wa shangazi, wa mjomba na wa mama mdogo wote ni ndugu, na ukimtambulisha vyengine mbele ya watu ataona umemtenga. Kwenye fomu, "brother" na "sister" ni wale mliochangia mzazi. Hao wengine wote ni "cousin", mwanamke kwa mwanamme, kuumeni na kukeni. Ukimwandika mtoto wa ami kuwa "brother", kisha vyeti vya kuzaliwa vikaonyesha baba wawili na mama wawili tofauti, ofisa haoni mapenzi ya ukoo. Anaona maelezo yasiyolingana, na hapo ombi limeshaingia mashakani.

Kuna jengine linalotatiza hata waliokaa huko miaka mingi. Ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali, ni "half-brother". "Step-brother" ni mtoto ambaye mama yake ameolewa na baba yako, au baba yake amemuoa mama yako, nanyi wawili hamna mzazi wa pamoja. Yanachanganywa kwa sababu yote mawili tunayasikia kama "wa kambo". Jiulize tu: kuna damu baina yetu? Ikiwapo, hata ya upande mmoja, ni "half". Ama ndugu wa kunyonya, ambaye katika dini yetu hamuoani, yeye hana kisanduku chake. Usimlazimishie neno, kama anahusika na ombi lako, mweleze kwa sentensi kamili kwenye sehemu ya maelezo ya ziada.

Vivyo hivyo kwa baba mkubwa aliyekulea tangu mdogo. Heshima yake iko pale pale, lakini "father" ni yule aliyeandikwa kwenye cheti chako. "Guardian" ni mwenye dhamana ya mtoto kisheria, na anayelipa ada na tiketi ni "sponsor". Mtu mmoja anaweza kuwa yote mawili, ila moja halithibitishi jengine.

Kwenye "nationality" andika Tanzanian, hata kama moyo unataka kuandika Zanzibari. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kina kazi yake nyumbani. Pasipoti uliyosafiria ni ya Jamhuri ya Muungano, nayo ndiyo inayoulizwa. "Ethnicity" ni suala la asili, na hapo una uhuru zaidi. Sensa ya Uingereza ya 2011 iliongeza kisanduku cha Waarabu, na asiyejiona katika visanduku vilivyopo hupewa nafasi ya kujiandikia mwenyewe. Uzanzibari wako uandike hapo bila kusita.

Ukipata barua kwamba ufike "surgery" saa nne asubuhi, usiwapigie simu watu wa Wete ukawatia hofu. Uingereza neno hilo ni pia jina la kituo cha daktari wa mtaani. Ukitakiwa kupasuliwa, aghlabu barua itasema "operation".

Na kodi. Kwetu anayopewa mwenye nyumba ni kodi, na anayochukua serikali ni kodi. Huko ya kwanza ni "rent", ya pili ni "tax", na mpangaji wa nyumba nzima kwa kawaida anadaiwa zote mbili, kwa sababu "council tax" hulipwa halmashauri na anayeishi ndani. Nyumba wanayokaa wanafunzi wa masomo ya muda wote ("full-time") peke yao husamehewa, lakini lazima halmashauri ijulishwe.

"Deposit" nayo si kodi ya mbele. Kodi ya mbele inaliwa kadiri unavyokaa. "Deposit" ni amana, na unarudishiwa ukihama ikiwa hukuharibu kitu wala hudaiwi. Nchini England, kwa upangaji wa kawaida, mwenye nyumba ana siku 30 tangu aipokee kuisajili kwenye mpango wa ulinzi unaotambuliwa na serikali. Mdai jina la mpango huo kwa maandishi, na risiti iandikwe "deposit", isiandikwe "rent".