Kuchanganya nitrili na PVC: gasketi ya dizeli inayostahimili jua la Dodoma

Gasketi ya nitrili tupu (mpira unaostahimili mafuta) kwenye pampu ya dizeli iliyo nje haiharibiwi na dizeli. Inaharibiwa na jua na ozoni: uso unapasuka nyufa, ndani ikiwa bado nzima. Plastiki ya PVC ndiyo dawa yake, ila lazima iyeyuke yote ndani ya mpira.

Chukua nitrili (NBR) yenye akrilonitrili karibu asilimia 33. Ikipungua sana, haipatani na PVC na inavimba kwenye dizeli; ikizidi 40, inakataa mafuta zaidi lakini unyumbufu unashuka.

Kwa rola ndogo ya maabara (mashine ya kukandia mpira) pima: NBR gramu 210, unga wa PVC 90, kiimarishaji cha kalsiamu na zinki 3, kaboni nyeusi ya daraja la N550 gramu 120, kilainishi DOP 45, oksidi ya zinki 15, asidi ya stiariki 3, salfa ya kuivisha mpira 4.5 na kichapuzi cha kuiva MBTS 4.5.

Loweka PVC kwa kiimarishaji na nusu ya DOP mpaka unga ukauke tena. Pasha rola hadi nyuzi 150–160, zungushia NBR, kisha nyunyiza PVC kidogo kidogo. Kata na kukunja kwa dakika 5 hadi 8. Nyoosha kipande kwenye mwanga: ukiona vidoa vyeupe, PVC haijayeyuka, na hapo ndipo gasketi itachanika. Rangi ikiwa kahawia na harufu ikichoma pua, PVC imeungua na inatoa asidi itakayokula rola. Oksidi ya zinki isiingie awamu hii, maana huharakisha kuungua huko.

Toa shuka, iache ipoe kabisa. Rudisha kwenye rola zisizozidi nyuzi 60, uongeze oksidi ya zinki, stiariki, kaboni pamoja na DOP iliyobaki, na mwisho kabisa salfa na MBTS. Rola hupoozwa kwa maji, na mwezi Oktoba maji ya tangi lililopigwa na jua hayapoozi kitu. Fanya kazi hii alfajiri. Rola ikiwa ya moto, mpira unaanza kuiva palepale na kuwa na mabonge, na hauokoleki.

Ivisha kwenye presi nyuzi 160 kwa dakika 15 kwa shuka ya milimita 2. Kipande kinene kiongezee muda.

Kupima: pima uzito, zamisha kwenye dizeli kwa saa 70, futa, pima tena. Usiishie hapo. Kausha sampuli kwenye oveni ya nyuzi 70 mpaka uzito utulie; ukiwa chini ya ule wa mwanzo, dizeli imenyonya DOP, na gasketi hiyo itasinyaa na kukakamaa. Punguza DOP. Kwa unyumbufu, bana kitufe (kipande kidogo cha mpira huo) kwa asilimia 25 ya kimo chake, kwa saa 22 kwenye nyuzi 100, kiachie nusu saa, upime kimo. Kikibaki bapa, shusha salfa hadi gramu 1.5 na uongeze kichapuzi kingine, TMTD, gramu 4.5; kumbuka mchanganyiko huo huwahi kuiva, usiuache ulale stoo.

Asetoni na thina zitaimaliza gasketi hii hata ukichanganya vizuri namna gani. Na kwa mashine za kukamua alizeti, isiguse mafuta ya kula: DOP itahamia humo.