Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufunga Safari ya Maonyesho ya Sanaa

Kila mwaka kuna mtu ananiuliza: "Dada, likizo hii nataka niitumie kutazama sanaa, nianzie wapi?" Anzia kwenye kalenda. Usianzie kwenye nauli. Wengi huona tiketi ya ndege ya bei nafuu, wanalipa, halafu ndipo wanauliza maonyesho yenyewe ni lini. Haya si mbuga ya wanyama ambayo utaikuta pale pale mwezi wowote utakaofika. Biennale ya Venice, maonyesho ya kimataifa ya Italia yaliyoanza mwaka 1895, huleta sanaa mwaka mmoja na usanifu wa majengo mwaka unaofuata, kwa hiyo ukikosea mwaka utatembea siku nzima kati ya michoro ya nyumba huku ukitafuta picha. Maonyesho ya sanaa ya Documenta ya Kassel, Ujerumani, huja mara moja katika miaka mitano, tena kwa siku 100 tu. Ijayo ni 2027. Wiki ya samani na ubunifu ya Milano huwa Aprili, na ikipita imepita.

Tarehe ikishatangazwa, bado usiichukulie kuwa imeganda. Dak'Art, maonyesho ya sanaa ya Dakar, Senegal, ilikuwa ifanyike 2020, ikaja kufanyika 2022. Ile ya 2024 ilipangwa Mei, ikasogezwa hadi Novemba wakati zimebaki wiki chache tu ifunguliwe. Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, haikufanyika kabisa mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Siwalaumu waandaaji, maana kuendesha tamasha Afrika ni kazi ya kujitoa. Lakini wewe lipia tiketi inayobadilishika na nyumba ya wageni inayokubali kughairi, hata kama bei imezidi kidogo.

Angalia pia ni siku zipi za umma. Maonyesho makubwa hutenga siku chache za mwanzo kwa waandishi wa habari na waalikwa, na picha nyingi zinazozagaa mitandaoni ni za siku hizo. Wewe mwenye tiketi ya kawaida hutaingia.

Viza usiiache hadi mwisho. Ya Schengen, inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, unaweza kuiomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usivuke siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 lakini yanaweza kufika 45. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau euro 30,000. Kadi ya homa ya manjano iweke ndani ya pasipoti, si kwenye begi kubwa.

Malazi: bei za Milano wiki ya ubunifu hupanda vibaya, kwa hiyo weka nafasi miezi mingi kabla au lala mji wa jirani uwe unaingia kwa treni. Venice nayo, wenye bajeti ndogo hulala Mestre, upande wa bara, mwendo wa kama dakika kumi kwa treni. Ukiamua kulala kisiwani, acha nyumbani begi la magurudumu. Ndani ya mji ule magari hayapiti, una madaraja zaidi ya 400, na mengi yana ngazi za kupanda na kushuka. Beba begi la mgongoni.

Sasa nisikilizeni kwenye hili, maana ndilo lililonigharimu.

Mwaka 2024 Tanzania ilishiriki Biennale ya Venice kwa mara ya kwanza. Mdogo wangu ni mchoraji wa Tingatinga. Anachora kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, na kwa miaka miwili aliweka akiba kwa ajili ya safari ile. Mimi ndiye niliyepanga kila kitu kwa sababu nilishawahi kufika Ulaya, naye akaniachia. Tulikwenda katikati ya Septemba. Tulikaa kwanza Bologna kwa ndugu yetu, halafu Jumapili tukapanda treni ya Venice, na tiketi ya kurudi nyumbani ilikuwa Jumanne saa tisa alasiri kutoka uwanja wa huko huko. Viza zetu zilikuwa za siku chache, zinaisha Jumanne hiyo hiyo. Kwenye daftari langu Jumatatu niliizungushia duara: siku nzima ya Giardini na Arsenale, yale maeneo mawili makuu yenye mabanda mengi ya nchi na maonyesho yenyewe makubwa. Ukitaka kuyapata picha, fikiria viwanja vya Sabasaba vilivyopandwa miti mikubwa na kuzungukwa na bahari.

Tulifika Jumapili saa tisa alasiri. Tukaweka mabegi, tukaenda kwanza kuona maonyesho ya Tanzania, ambayo hayakuwa ndani ya Giardini bali mtaani Cannaregio, upande huo huo wa stesheni. Tulikaa pale karibu saa nzima. Tulipotoka, jua bado lipo, mdogo wangu akasema, "Dada, twende Giardini sasa hivi." Msimu ule walikuwa wakifunga saa moja usiku, kwa hiyo tungepata zaidi ya saa mbili. Nikamwambia, "Tulia, kesho tuna siku nzima." Tukaenda kula.

Alikuwa na sababu yake. Ukuta wa mbele wa jengo kuu la Giardini mwaka ule ulichorwa wote na MAHKU, kundi la wasanii wa jamii ya Huni Kuin, wenyeji wa asili wa Brazil. Wameijaza rangi sehemu yote, na hadithi waliyoichora ni ya mamba aliyegeuka daraja ili watu wavuke maji. Na mdogo wangu ni mtu aliyeanza kuchora mamba na ndege akiwa na miaka kumi na minne! Picha ya ukuta ule alikuwa nayo kwenye simu kwa miezi. Alikuwa akiikuza kwa vidole viwili, ananionyesha mgongo wa mamba, ananiuliza kama rangi imepakwa mara moja au mara mbili. Hilo simu haiwezi kukuonyesha. Lazima usimame karibu na ukuta.

Jumatatu asubuhi tukapanda boti ya abiria hadi kituo cha Giardini. Geti limefungwa. Ndani kulikuwa na mzee anakusanya majani kwa reki. Nilimwonyesha tiketi zangu mbili nilizolipia mtandaoni. Akatikisa kichwa, akasema neno moja, "lunedì", na sikuhitaji mkalimani. Isipokuwa Jumatatu chache zilizotajwa kwa tarehe, Biennale hupumzika Jumatatu. Arsenale vilevile. Kesho yake wangefungua saa tano asubuhi, wakati sisi tunapaswa kuwa tumeshaanza safari ya uwanja wa ndege.

Mdogo wangu alishika vyuma vya geti kwa mikono yote miwili, akasimama pale bila kusema kitu. Kisha tukakaa kwenye benchi inayotazama maji, akatoa penseli akachora geti. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hadi leo hilo ndilo linaloniuma. Siku ile ya mapumziko ilikuwa imeandikwa wazi pale pale nilipolipia. Niliisoma tarehe ya kufungua na tarehe ya kufunga, nikaona tupo katikati, nikaridhika.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua karatasi, andika siku zako zote za safari kwa majina, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, halafu mbele ya kila siku andika saa ya kufungua na saa ya kufunga ya kila eneo unalotaka kuingia. Kila eneo peke yake, maana mabanda ya nchi yaliyotawanyika mitaani yana ratiba zake, na mengi ni bure. Makumbusho mengi ya Italia hupumzika Jumatatu, Louvre ya Paris hupumzika Jumanne. Saa nazo hubadilika: mwaka ule ule, kuanzia Oktoba, Biennale ilifunguliwa saa nne na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Kitu kimoja ulichokifuata kuliko vyote kiweke siku ya kwanza, ukiwa bado na siku mkononi. Na ukiwa na mwenzako anayesema twende sasa hivi, nendeni.

Pwani yetu nayo ina kalenda yake. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tamasha ulilolikuta Zanzibar mwezi fulani linaweza kusogezwa mwaka mwingine, na ukifika ndani ya mfungo usitegemee migahawa ya mchana. Maulidi ya Lamu nayo hufuata kalenda hiyo hiyo ya Kiislamu. Nyumba za wageni za Lamu ni chache ukilinganisha na watu wanaoshuka, piga simu mapema.

Mengine ni madogo ila yana gharama. Viatu viwe vile ulivyokwisha kuvivaa, si vipya. Beba chupa, maji ya bomba za mitaani Venice yananyweka. Kahawa ya Italia inywe umesimama kaunta, ukikaa mezani bei inaweza kupanda. Ukinunua picha, omba itolewe kwenye fremu na iviringishwe ndani ya mrija, na risiti uitunze kwa ajili ya forodha. Usipige picha kwa mwanga wa flashi bila kuuliza. Nakala ya pasipoti iache nyumbani kwa mtu unayemwamini, simu iwe na chaji, fedha usiziweke mfuko mmoja, na jioni kabla ya kwenda popote hakikisha tena kwamba kesho pamefunguliwa, hata kama ulishahakikisha juzi.

Biennale ya 61 imepangwa kuanzia 9 Mei hadi 22 Novemba 2026. Mdogo wangu ameanza tena kuweka akiba, ingawa ule ukuta wa mamba hatautazama tena pale. Safari hii tutafika Jumatano.