Mkufu wa shanga: kitanzi kwanza, shanga baadaye

Kidani changu cha kwanza kilikatika Idd pili, barazani kwa shangazi yangu Wete, watu wamejaa. Shanga kumi na mbili za buluu zikaserereka sakafuni. Kumi na moja tuliziokota. Ya kumi na mbili kuku aliidona kabla yetu. Nikaamini shanga ndizo mbovu. Niliporudi Unguja nikampelekea mabaki sonara mmoja wa Mji Mkongwe, na yeye shanga hakuzitazama hata kidogo. Alichukua kipande kimoja, akakielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, akasema, "Umeacha mlango wazi." Alikuwa anasema kitanzi, ile ncha ya waya inayokunjwa duara ili ishike shanga ya pili.

Ndiyo maana katika mafunzo yetu siku ya kwanza hakuna anayegusa shanga. Watu hununa, khasa waliokuja na shanga zao nzuri kwenye kikopo. Siku ya kwanza ni waya mtupu na vitanzi hamsini. Ya pili ni vipande vyenye shanga, ya tatu kuunganisha na kupima. Somo hili nawaandikia wanakikundi ambao hawakuwahi kufika, walio Pemba na walio mashamba, na wale waliofika wakasahau. Maswali mliyoleta nimeyajibu chini.

Tunatengeneza nini

Mkufu wa shanga si shanga zilizotungwa. Za kutunga zote zinategemea uzi mmoja, ukikatika umekwisha. Huku kila shanga ina waya wake mfupi wenye kitanzi kila upande, na kitanzi cha hii kimeshika kitanzi cha ile. Kipande kikiharibika unakitoa chenyewe, unatia kingine, mkufu unaendelea.

Mapenzi ya shanga visiwani si ya leo. Unguja Ukuu, walipochimba wataalamu wa mambo ya kale, zilitoka shanga za kioo zilizovuka bahari zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856 akielekea bara, aliandika majina ya shanga zilizokuwa zikiuzwa. Nyekundu zilizopendwa zaidi ziliitwa samesame, na jina lao jingine aliliandika "kifunga-mgi". Mwenyewe alieleza kuwa maana yake ni zenye kuvunja mji, kwa jinsi wanawake walivyokuwa wakizililia. Wanaotucheka wakituona tumeinamia plaizi nawakumbushia jina hilo.

Vifaa

Plaizi tatu: ya mdomo wa mviringo uliochongoka, ya mdomo mwembamba bapa, na ya kukatia. Ile ya mviringo haina badala. Bapa ya duka la vifaa vya ujenzi inafaa, ila huwa na meno yanayoung'ata waya; izungushie plasta ya kidonda mdomoni.

Waya wa shaba wa unene wa milimita 0.8 kwa shanga za kioo za milimita 8. Jaribu kwanza kama unapita kwenye tundu. Lulu na mawe mengi yana tundu jembamba, hayo yanataka 0.5 au 0.6, na namna nyingine ya kufunga nitakayoieleza. Zile shanga ndogo za punje usizilete kabisa, waya huu hauingii.

Wa kujifunzia usinunue. Kipande cha waya wa intaneti kilichotupwa na mafundi kina nyaya nane ndani, za unene wa nusu milimita hivi. Zimenye, fanyia mazoezi. Zikiwa zinakatika ovyo ukizikunja mara mbili tatu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Tupa, utajilaumu bure. Waya wa umeme wa nyumba, ule wa 1.5, ni mnene mno, utakuumiza vidole.

Rula, kalamu ya wino usiofutika, na kitambaa cheupe cha kutandika mapajani. Kanga yenye maua itakuficha shanga na ncha za waya.

Hatua ya kwanza: nyoosha

Shika ncha ya waya kwa plaizi, uvute katikati ya kitambaa ulichokibana kwa vidole. Mara tatu. Usikate vipande mapema. Fanya kazi na waya ukiwa bado kwenye robota lake, utaokoa mwingi.

Hatua ya pili: pembe

Pima sentimita 1 kutoka kwenye ncha. Bana hapo kwa plaizi bapa, kunja mpaka upate pembe mraba, kama kona ya mlango. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu kitanzi kinapatikana hata bila ya pembe. Kinapatikana, ndiyo, lakini kinakaa upande mmoja kama herufi P. Sisi tunataka kikae katikati ya waya, kama pipi ya kijiti. Mkufu wa vitanzi vya P hupinda shingoni, na kila ukiuweka sawa unarudi ulikotoka.

Hatua ya tatu: kitanzi

Hapa kaa. Ukipata hapa mengine ni mteremko.

Mdomo wa plaizi ya mviringo ni mnene chini na mwembamba juu. Ukishika juu kitanzi kinakuwa kidogo, ukishika chini kinakuwa kikubwa. Kwa hiyo chagua mahali pamoja, pale penye unene wa milimita 2 hivi, upatie alama ya kalamu. Kila kitanzi cha mkufu mzima kishikwe kwenye alama hiyo hiyo. Wino ukifutika rudishia.

Bana ncha kabisa ya waya kwenye alama. Pitisha kidole juu: ukihisi waya umechomoza nje ya mdomo wa plaizi, uvute ndani, la sivyo kitanzi kitakuwa na mkia ulionyooka. Sasa zungusha kifundo cha mkono kuelekea upande wa pili wa pembe, si kwa kuvuta, kwa kuviringisha, kama unavyokunja ncha ya mkeka. Mkono ukifika mwisho usilazimishe. Legeza, rudisha mkono, bana tena pale pale, malizia. Ncha igusane na pembe.

Geuza uitazame kwenye mwanga. Ukiona ufa, hata wa unywele, ndio ule mlango wazi. Bana kidogo kwa plaizi bapa.

Na usikitengeneze upya zaidi ya mara mbili. Shaba kila ikikunjwa inakuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu inavunjika, wakati mwingine si siku hiyo bali mwezi wa tatu ikiwa shingoni kwa mtu. Kilichoharibika kata, anza upya. Uchoyo wa sentimita moja ya waya ndio ulionitia aibu Wete.

Hatua ya nne: shanga

Tia shanga kwa ncha ya pili ya waya, ishuke mpaka igote kwenye kitanzi. Kata waya sentimita 1 juu yake. Unapokata, ncha ielekee mapajani na kidole kiwe juu yake, kwani kipande hurukia macho. Kunja pembe ukiwa umeigandamiza shanga isicheze, halafu kitanzi cha pili kama cha kwanza. Vitanzi viwili vilale sawa: ukiweka kipande mezani, vyote vilale. Kimoja kikisimama, shika viwili kwa plaizi mbili, sokota taratibu mpaka viwe kitu kimoja.

Hatua ya tano: kuunganisha

Kitanzi hakifunguliwi kwa kupanuliwa. Ukikipanua kinapoteza duara, na duara halirudi. Sukuma ncha pembeni, moja ije kwako, nyingine ibaki, kama ubao wa mlango unavyofunguka. Tia kitanzi cha mwenzake, rudisha kwa njia ile ile. Mimi hukipitisha kidogo upande wa pili kisha nakirudisha, maana waya una tabia ya kujifungua.

Kwa shanga za milimita 8 na vitanzi vya ukubwa niliousema, kila kipande kinachukua milimita 13 na nusu hivi ya urefu. Kidani cha sentimita 45, ukitoa 2 za kifungio, kinataka vipande 32. Mkufu wa mkononi wa sentimita 18 unataka 12. Waya wa kidani mita moja inatosha kwa fundi. Wewe nunua moja na nusu.

Kifungio kinaingia kwenye kitanzi cha mwisho, mlango ule ule.

Kitanzi cha kufunga shingo

Hiki ni cha lulu, marijani na kila kitu usichotaka kukipoteza. Badala ya sentimita 1 unaacha 3 au 4. Kabla ya pembe acha shingo ya waya ya milimita 2 juu ya shanga, tengeneza kitanzi, kisha mkia uliobaki uzungushe shingoni mara mbili au tatu, mizunguko ikigusana, ukate. Hakifunguki tena, kwa hiyo mwenzake lazima umtie kabla hujazungusha mkia. Kila mtu husahau hilo mara moja. Mimi nilisahau mara nne kwenye kidani kimoja.

Maswali ya wanakikundi

*Kutoka Mkoani: Assalamu alaikum mwalimu. Mkufu wa shaba umeniacha na rangi ya kijani shingoni. Ni sumu?*

Waalaikumu salaam dada yangu. Si sumu. Jasho na hewa yetu ya chumvi huila shaba, na kijani hicho kinaondoka ukikiosha kwa sabuni. Muwasho na vipele ni jambo jingine, mara nyingi ni nikeli, madini yaliyomo kwenye vifungio vya bei rahisi. Badilisha kifungio, tia cha chuma cha pua. Shaba iliyofifia inang'aa kwa ndimu na chumvi, kisha suuza na ukaushe vizuri. Lakini kama mkufu una lulu, marijani au kome, ndimu usiisogeze. Inazila.

*Kutoka Jang'ombe: Kwani siwezi kutumia mshipi wa kuvulia? Mume wangu anao mwingi.*

Mwachie avulie. Mshipi haushiki umbo la kitanzi, na fundo lake huteleza. Kwa kutunga kidani cha mtoto cha kuchezea, sawa.

*Kutoka Chake Chake: Nataka kumtengenezea baba tasbihi kwa njia hii, shanga 33.*

Nia njema, njia siyo. Tasbihi inataka shanga iteleze chini ya kidole, uivute moja, iende kwa wenzake. Kwenye mkufu wetu kila shanga imefungwa pahala pake na waya utamkwaruza baba. Tunga kwa uzi wa nailoni uliosokotwa, acha nafasi ya upana wa kidole. Ukipenda, kile kishada cha mwisho ndicho ukining'inize kwa kitanzi cha waya.

*Kutoka Fumba: Tunapata makome ya chaza. Tunatoboaje?*

Majirani zako Bweleo kuna akina mama wanaofanya kazi ya makome na lulu siku nyingi, nenda ukatazame mikono yao, utajifunza kuliko kwangu. Langu ni moja tu: usitoboe kome kavu. Vumbi lake linaingia kifuani na halitoki. Lilaze kwenye sahani yenye maji, utoboe kwa drili ya mkono, na uzibe pua na mdomo hata hivyo. Ya umeme usiitie majini.

*Kutoka Paje: Kidani cha vipande 32 niuze bei gani? Watalii wananishusha mpaka nalia.*

Andika kwanza, kalamu na karatasi. Mfano tu: shanga, waya na kifungio shilingi 7,000. Kipande kimoja kwa anayeanza ni dakika tatu, 32 ni zaidi ya saa moja na nusu, na kuunganisha, tuseme saa mbili na nusu. Saa yako ukiithamini 4,000, ni 10,000. Sasa uko 17,000 na hujapata faida, hujalipa daladala. Chini ya hapo unamlipa mnunuzi akuchukulie. Na usishindane na vidani vya kiwandani vilivyojaa madukani, mitaa ya Gizenga na Hurumzi, Mji Mkongwe. Mpe mteja kipande kimoja avute mwenyewe kwa nguvu. Wenye nia ya kununua hunyamaza hapo.

*Kutoka Konde: Mie mkono wangu ni wa kushoto, kila nikifuata maelezo nakwama.*

Somo hili halikutaja kulia wala kushoto, shoga. Tatizo ni kumkalia mwalimu ubavuni. Kaa mkabala naye, umfuate kama kioo.

*Kutoka Makunduchi: Nina miaka hamsini na nane, karibu sioni vizuri. Nitaweza, au nisijisumbue?*

Karibu, bibi. Anza na shanga za milimita 10 na waya wa 1.0 ukipita kwenye tundu, kaa mlangoni asubuhi, na miwani ya kusomea uje nayo. Kwenye mafunzo yaliyopita alikuwepo mama wa umri wako, na ufa wa kitanzi hakuuona hata kwa miwani. Akawa anapitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka kitanzi, pole pole. Ukucha ukikwama, anabana tena. Ukipita bila ya kukwama, anakiweka upande wa vilivyokwisha. Siku hizi nami nafanya hivyo.