Matembezi ya Utulivu Kando ya Nile Mjini Jinja: Hatua kwa Hatua

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatembeza watu katika ukingo wa mashariki wa Nile hapa Jinja, Uganda, na wengi wao hukiri kwamba walikwisha kufika hapo zamani, wakapiga picha, wakaondoka, wala hawakumbuki sauti hata moja ya mahali penyewe. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayetaka kurudi peke yake na kutembea kwa utulivu kwa muda wa saa tatu hivi.

Hatua ya 1: Jiandae. Anza saa moja asubuhi, kukiwa kumeshapambazuka vizuri, kwa maana viboko hutoka majini usiku kula nyasi na si wa kukutana nao gizani. Vaa viatu vya kufunika, beba maji ya kunywa na fedha taslimu za kiingilio cha bustani iliyo kwenye chanzo cha mto, kisha zima simu. Usiingize miguu majini, kwa sababu Ziwa Victoria, ambamo mto huanzia, lina kichocho.

Hatua ya 2: Anzia Main Street. Vuta pumzi kwa hatua nne, itoe kwa hatua sita, na uendelee hivyo mpaka mwendo wako upungue wenyewe. Kisha inua macho juu ya mabango ya maduka. Kwenye lipu ya majengo mengi bado yamechongwa majina ya familia na miaka ya ujenzi, kazi ya wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi ambao wengi wao walifukuzwa nchini na serikali ya Idi Amin mwaka 1972. Chagua jengo moja tu, usimame mbele yake dakika tano, ukiangalia baraza, nguzo na rangi iliyobanduka, na usome jina lililoandikwa humo kwa sauti ya chini. Mimi hulisoma kila ninapopita, kwa kuwa naona ni heshima ndogo tunayoweza kuwapa waliojenga kisha wakaondolewa.

Hatua ya 3: Teremka mtoni. Ukipotea njia, msalimie mtu kwanza ndipo umwulize. Hapa hakuna haja ya kukaa sana.

Hatua ya 4: Sikiliza. Hiki ndicho kiini cha matembezi yote. Kaa karibu na ukingo, fumba macho kwa dakika kumi, na uzihesabu sauti kuanzia ya mbali hadi ya karibu: injini ya mashua, mlio wa furukombe, maji yanayogonga ubao. Ukimaliza, tafuta sauti ambayo haipo. Mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke alipofika hapa tarehe 28 Julai 1862, ziwa lilikuwa likimwagika juu ya miamba kwa kishindo, naye akayapa maporomoko hayo jina la Ripon, ingawa Wasoga, wenyeji wa hapa, walikuwa na jina lao la mto huu, Kiyira, tangu zamani. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilipozinduliwa mwaka 1954, maporomoko yale yalizama, na mawe ambayo inasemwa ndiyo yaliyoupa mji huu jina lake, yaani *ejjinja*, sasa yako chini ya maji. Umeme tuliupata na tuliuhitaji. Hata hivyo, anayeketi hapa bila kujua kwamba palikuwa na ngurumo huudhania ukimya huu kuwa wa asili.

Hatua ya 5: Fuata gugumaji moja. Fumbua macho, utafute fungu moja la gugumaji linaloelea kutoka upande wa ziwa, na usiliache kwa macho. Mwanzoni huyumba tu, likisukumwa na upepo huku na huko, majani yake yakigeuka taratibu. Halafu, pasipo alama yoyote, hunyooka na kushika mwendo mmoja kuelekea kaskazini. Hapo ndipo ziwa linapokuwa mto, na hakuna kibao kinachoweza kukuonyesha jambo hilo. Likipita lisionekane tena, chagua jingine.

Hatua ya 6: Zitembelee kumbukumbu. Katika bustani kuna sanamu ya Mahatma Gandhi, iliyozinduliwa mwaka 1997, kwani sehemu ya majivu yake ilimwagwa katika maji haya mwaka 1948. Ng'ambo, ukingo wa magharibi, upo mnara wa Speke. Simama mahali unapoweza kuvikumbuka vyote viwili kwa pamoja. Usipige picha za daraja wala bwawa kabla ya kuwauliza askari.

Hatua ya 7: Rudi kwa njia ileile. Kabla ya kuwasha simu, andika mistari mitatu: sauti moja, jina moja, na mwendo mmoja ulioushuhudia. Kisha panda mjini kwa miguu, wala usichukue bodaboda, kwa kuwa jua litakuwa limezunguka, na majina yaliyokuwa kivulini asubuhi sasa yatasomeka.