Bima ya ukame kwa mifugo: ukatie wangapi, lini, na eneo gani

Bima ya ukame iliyoanzia Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mwaka 2010 haihesabu mizoga. Setilaiti husoma ukijani wa malisho ya eneo zima. Ukishuka chini ya kiwango cha mkataba, kila mwenye bima hapo hulipwa, hata kama ng'ombe wake wangali hai. Fidia hiyo inunue nyasi kavu, maji na dawa kabla mnyama hajashindwa kuinuka. Ukingoja, utakuta kila mtu amepeleka mifugo sokoni na bei imeporomoka.

Anza kwa kuhesabu vipimo. Ng'ombe 1 ni kipimo 1, ngamia 1 ni 1.4, mbuzi au kondoo 10 ni kipimo 1. Mwenye ng'ombe 12, ngamia 5 na mbuzi 30 ana 12 + 7 + 3, yaani 22.

Usiwakatie wote. Ukame hupiga kaunti nzima kwa mpigo, kwa hiyo kampuni hulazimika kununua bima mtawanyo, yaani bima ya kuikinga kampuni yenyewe, na gharama hiyo imo ndani ya ada yako. Bila ruzuku ya serikali, kwa miaka mingi wafugaji kwa jumla hulipa zaidi kuliko wanavyopokea. Linda majike wanaozaa na kukamwa, maana bila hao kundi halirudi. Tuseme ni vipimo 8, kila kimoja kimekingwa kwa shilingi 14,000, na ada ni asilimia 10: utalipa 11,200 kwa mwaka. Ada hutofautiana kwa eneo, kwa hiyo uliza ya kwenu. Kiangazi cha kawaida kivuke kwa akiba na kwa kuuza mbuzi mapema, wangali wanono.

Bima huuzwa Januari na Februari kabla ya masika, kisha Agosti na Septemba kabla ya vuli. Mauzo hufungwa mvua ikikaribia. Watu wakiachwa wangoje dalili, watakata wale tu walioona mvua imekosekana, na ada itapanda kwa wote.

Kosa kubwa ni kuandikisha eneo la nyumbani ilhali mifugo hulishwa kwingine: kwako kukiwa kijani hulipwi, hata malisho yako yakiwa vumbi. Tena, setilaiti haitofautishi nyasi na mathenge, mti vamizi wa miiba unaobaki kijani hata nyasi zikikauka. Mahali mathenge yametapakaa, kata vipimo vichache na uongeze akiba ya nyasi. Ugonjwa, wizi na mafuriko havimo. Kabla ya kulipa, soma kwenye cheti jina la eneo, idadi ya vipimo na namba ya simu itakayopokea fidia.