SOMO: Kusema "nimeridhika" kwa Kiingereza

Swali hili limerudi mara nyingi mno, basi majibu yote nayaweka hapa. Soma mpaka chini kabla hujauliza.

1. Umefurahi: "happy" au "glad". Umependezwa na jambo: "pleased".

2. Kazi au huduma imefikia ulivyotaka: "satisfied with". Usiisahau "with".

3. Biriani ni "satisfying", mlaji ni "satisfied". Na "satisfactory" kwenye ripoti ya shule ni "inapita tu". Usimsifie mpishi kwa neno hilo.

4. Moyo umetulia, hutamani zaidi: "content". Kaza sauti mwishoni, kon-TENT. Ukikaza mwanzo, KON-tent, umesema yaliyomo ndani. Mbele ya nomino tumia "contented": "a contented baby".

5. Umeshiba. Hapa ndipo pa kuteleza, nami niliteleza. Sema "I'm full", au kwa adabu zaidi "I've had enough, thank you". USISEME "I'm fed up"! "Fed" ni kulishwa, ndiyo maana inadanganya, lakini mwenye nyumba atasikia kuwa umechoshwa naye. Kukinai kwetu kuna pande mbili: kutosheka na ulicho nacho, na kuchoshwa na kitu mpaka hukitaki tena. "Fed up" ni huo upande wa pili peke yake. Wala usiseme "I am enough". Hiyo ni "mimi natosha".

MASWALI

— Mwalimu, "happy" na "satisfied" si mamoja?
Hatua ya 1 na ya 2. Zisome.

— Nimeshiba niseme "I am satisfying"?
Hatua ya 3 iko hapo juu, ndugu yangu. Hapo umesema wewe ndiwe unayeridhisha watu.

— Shikamoo mwalimu. Kwenye hukumu nimeona "the court is satisfied that". Mahakama imefurahia nini?
Marahaba, mwanangu, umeuliza la maana. Haikufurahi. "Satisfied that" ni kuwa ushahidi umetosha, hakimu amesadiki. "Satis" kwa Kilatini ni "ya kutosha", kwa hiyo kutosheka kwetu kunakaribia sana. Mshtakiwa anaweza kufungwa na mahakama ikawa "satisfied".

— Na aliyeridhika mpaka akaacha bidii?
"Complacent". Ni neno la lawama, usimpe mtu kwa wema.

— Nyongeza kwa wanaohudumia meza Nyali: mgeni ukitaka kumwongeza chai akakwambia "I'm good", hajisifu. Anakataa. Weka birika chini.
Shukran, hiyo sikuiweka.